Mama yuko kwenye kemo na jirani kaleta maua tuchemshe, tumpe?

Swali: "Assalam aleikum. Mimi niko Malindi, mamangu yuko Lamu, ana miaka 56. Alipatikana na kansa ya titi, akapewa ile dripu nyekundu mara nne, sasa amebadilishiwa anapewa paklitakseli kila wiki tatu huko Mombasa, ameshapata tatu imebaki moja. Nywele zimekwisha zote. Vidole vya mikono na miguu vimeanza ganzi, na yeye kazi yake ni kushona kofia, juzi alishindwa kutunga uzi kwenye sindano akakaa akalia. Jirani katuletea yale maua ya pinki na meupe yanayoota kila mahali, anasema dawa ya kansa inatoka humo humo, wazungu wanayakausha tu wanatuuzia, tuchemshe anywe asubuhi na jioni aachane na hizi safari. Nimeangalia kwenye intaneti nikaona ni kweli ua hilo linatoa dawa ya kansa! Halafu naomba kuuliza, kama kansa ni seli zinazozaana kwa kasi mbona wasimpe dawa kila siku ikaisha mara moja, hizi wiki tatu ni za nini?"

Waaleikum salaam mwanangu. Pole wewe na pole nyingi kwa mamako, safari ya kutoka Lamu, boti mpaka Mokowe halafu basi mpaka Mombasa, hata mtu mzima wa afya inamchosha, sembuse mtu aliye kwenye dripu.

Nikwambie mapema mimi si daktari wa kansa. Kazi yangu ni ya darubini, naangalia seli zinavogawanyika, na bahati ni kwamba maswali yako yote matatu yanaingia hapo hapo. Lakini kabla sijaanza maneno mengi shika haya: hayo maua msimchemshie, dozi ya nne msiiache kimya kimya, na habari ya ganzi daktari wake aijue kabla ya hiyo dozi, sio baada. Sasa tukae tuongee vizuri.

Jirani yenu hajasema uongo. Kasema nusu, na nusu yenyewe ni kweli kabisa ndo maana imekuchanganya. Ua lile la petali tano na majani ya kung'aa, linaloota makaburini, nyuma ya nyumba, mpaka kwenye mchanga mtupu ambapo hakuna kingine kinachoshika, asili yake ni Bukini, yaani Madagaska, na wataalamu wanaliita vinka. Kweli ndani yake mnatoka dawa mbili kubwa za kansa, vinblastini na vinkristini, na hiyo vinkristini imeokoa watoto wengi sana wenye kansa ya damu na wale wenye uvimbe wa taya unaoitwa limfoma ya Burkitt. Hapo jirani ana haki yake. Ila dawa anayopewa mamako haitoki kwenye ua hilo. Paklitakseli ilipatikana kwenye magome ya mti mwingine kabisa wa huko Marekani upande wa bahari ya Pasifiki, magome yalikusanywa 1962, umbo la dawa likajulikana 1971. Mimea miwili tofauti, na cha ajabu zinashika mahali pamoja ndani ya seli lakini kila moja inafanya kinyume cha mwenzie.

Mahali penyewe ni hapa. Seli ya mtu ina kromosomu 46, hizo ndo zimebeba maagizo yote ya mwili. Seli ikitaka kugawanyika inazinakili kwanza, kila kromosomu inakuwa pacha wawili walioshikana kiunoni, halafu inabidi pacha mmoja aende upande huu na mwenzie upande ule bila hata mmoja kupotea. Mjerumani Walther Flemming aliyachora haya yote kwenye kitabu chake cha 1882 akiangalia seli za salamanda, na michoro yake mpaka leo nikiiangalia naona aibu na picha zangu. Kwenye seli za binadamu tunazokuza maabara mzunguko mzima huchukua kama saa 24, lakini kule kuvutana kwenyewe ni kama saa moja tu.

Wanavutwa na nini? Kamba. Wewe ni mtu wa Lamu, umewaona wazee wanavosokota kamba ya makumbi, nyuzi nyembamba nyingi zinakuwa kitu kimoja. Kamba za seli zinaitwa mikrotubuli, mara nyingi kila moja ina nyuzi 13 za protini inayoitwa tubulini zimepangwa zikawa kama mrija. Tofauti na kamba ya jahazi ni kwamba hii haitulii, inajijenga nchani inarefuka, inapapasa, isipokuta kitu inabomoka inarudi nyuma, inajaribu tena upande mwingine, sekunde kwa sekunde, mpaka ishike kiuno cha kromosomu. Na seli ina mlinzi wake, haivuti mpaka kila pacha awe amefungwa kamba ya upande wake, hata mmoja akibaki hajafungwa kazi yote inangoja. Jeni za huyo mlinzi ziligunduliwa 1991 na makundi mawili ya Marekani, na walizipata kwenye hamira, hii hii ya mahamri.

Basi vinka inazuia kamba isijengeke. Paklitakseli inafanya kinyume, inaigandisha kamba isibomoke, hilo alilionyesha Susan Horwitz kule New York mwaka 1979. Unaweza kusema mbona hiyo ya pili inaonekana kama inasaidia, kamba imara si ndo nzuri? Hapana, kamba hii kazi yake ni kujengeka NA kubomoka, ikiganda ni kama jarari, ile kamba ya kupandishia tanga, iliyokwama kwenye kapi, tanga halipandi halishuki, chombo kinayumba tu.

Kwa miaka mingi vitabu vilisema seli iliyopata paklitakseli inakwama katikati ya kugawanyika mpaka inakufa. Mimi mwenyewe nilifundisha hivo. Lakini 2014 kundi la Beth Weaver wa chuo kikuu cha Wisconsin walichukua uvimbe wa akina mama wenye kansa ya titi waliokuwa wanapewa dawa hii, wakakuta kiasi kinachofika kwenye uvimbe hakitoshi kuzikwamisha seli. Zinaendelea kugawanyika, ila vibaya. Badala ya kuvuta pande mbili zinavuta pande tatu au nne, seli wanaozaliwa wanapata kromosomu pungufu hapa na ziada pale, na wengi hawawezi kuishi hivo. Kwa iyo dawa haiui siku ya dripu, inaua siku zinazofuata, pale seli inapojaribu kuzaa ikaharibu. Mkirudi Lamu mkaona uvimbe uko vile vile msiseme dawa imekataa.

Turudi kwa maua. Hii habari ningependa umsimulie jirani mwenyewe, kwa heshima, manake yeye ana nia nzuri na atakuja na kingine mkimkatalia bila maelezo. Jamaica watu walikuwa wakinywa chai ya majani ya vinka kutibu sukari. Mwaka 1952 majani yakatumwa Canada kwa daktari mmoja, Clark Noble, naye akampa ndugu yake Robert Noble aliyekuwa na maabara. Robert na mwenzie Charles Beer wakawanywesha panya yale maji ya majani, sukari haikushuka cha maana, panya wako sawa tu. Wakaona wajaribu kuwadunga ndani ya mshipa. Panya wakafa, na hawakufa kwa sukari, walikufa kwa maambukizi, manake chembe zao nyeupe za damu zilikuwa zimeporomoka. Hapo ndo wakazinduka kwamba kitu kinachoangusha chembe nyeupe huenda kikaangusha na kansa ya chembe nyeupe, na 1958 wakatangaza vinblastini.

Umeona? Panya wale wale, majani yale yale, kwa mdomo karibu hakuna kitu, kwa mshipa kifo. Dawa hizi tumboni hazinyonyeki kwa uhakika, ndo maana mpaka leo vinkristini haina kidonge, inatolewa mshipani tu, na kwa kipimo kidogo mno, mtu mzima mara nyingi hazidishiwi miligramu 2 kwa mara moja. Miligramu 2 ni kitu ukikiweka kwenye ukucha hukioni vizuri, na kuipata kunatumika majani mengi sana, gramu moja inakula mamia ya kilo za majani makavu. Kwa iyo sufuria ya jirani ina nini? Hakuna anayejua, wala yeye. Leo majani machanga kesho makuukuu, leo kachemsha sana kesho kidogo. Na ua hilo lina kemikali za aina yake zaidi ya 70, sio zile mbili tu, zipo zinazochezea sukari na zipo zinazochezea moyo. Ikiwa chai haifanyi kitu, mamako kaacha dawa kwa maji ya rangi. Ikiwa inafanya, basi inaangusha chembe nyeupe ambazo paklitakseli imeshaziangusha, na inaongeza ganzi juu ya ganzi, manake vinka nayo sifa yake mbaya ni hiyo hiyo ya kuharibu neva. Mimi sioni mlango wa kheri hapo.

Dua asomewe, na kombe, yale maji yaliyooshea aya zilizoandikwa, anywe kama mmezoea, hilo halina ugomvi na dripu, angalia tu maji yawe yamechemshwa yakapoa manake kinga yake iko chini. Mimi ninachokataa ni majani, mizizi na unga usiojulikana, hata ule unaouzwa kwenye chupa yenye lebo nzuri.

Sasa hilo la kasi. Karibu kila mtu anaamini seli ya kansa ndo inayogawanyika haraka kuliko zote mwilini, na sio kweli. Seli za uboho zinazotengeneza damu, seli za utumbo, seli za mzizi wa unywele, hizo zinaishinda kansa nyingi za titi kwa mbali. Ndo maana nywele zimekwisha, dawa haimjui nani ni adui, inamkuta yeyote aliye kwenye kuvuta kamba. Shida ya kansa ni breki. Seli ya kawaida ikiambiwa inatosha inasimama, hii haisimami. Hesabu mwenyewe: moja, mbili, nne, nane, ukifanya hivo mara 30 tu umepita bilioni moja, na uvimbe wa sentimita moja unakadiriwa kuwa na seli kama bilioni hivi. Hata ikiwa kila mzunguko ni wa polepole, isiposimama inafika tu.

Hizo breki na akseleta zilijulikanaje, hapa niruhusu nitoke kidogo manake napenda kuwaambia watu wa pwani. Tim Hunt mwaka 1982 alikuwa Marekani kiangazi anachezea mayai ya yule mnyama wa bahari wa duara mwenye miba, anayekuchoma ukikanyaga mwambani, akaona protini inayojikusanya halafu inatoweka kila yai linapogawanyika, inajikusanya inatoweka, akaiita saiklini. Leland Hartwell alitumia hamira ya mkate. Na Paul Nurse alitumia hamira nyingine iliyopatikana kwenye pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, ikapewa jina mwaka 1893, na jina lake la kisayansi mpaka leo dunia nzima ni pombe, sio utani, maprofesa wanasimama London wanasema pombe, pombe, na hawanywi. Mwaka 1987 Nurse na mwenzie wakaonyesha jeni inayoiamuru hamira hiyo igawanyike ipo na kwa binadamu, inafanya kazi ile ile. Wote watatu walipewa Nobel 2001. Na sio hadithi tu, kuna vidonge vya kansa ya titi vinavozuia akseleta hizo hizo, cha kwanza kiliruhusiwa Marekani 2015. Ni ghali, na si kwa kila mgonjwa.

Ndo tufike kwenye wiki tatu. Uboho wa mamako unagonga chini kabisa kama siku ya 10 mpaka ya 14 baada ya dripu, halafu unajijenga, na kufika siku ya 21 kwa kawaida chembe nyeupe zimerudi. Ukimpa kila siku kwa dozi hiyo kubwa, kansa utaiua na mama pia. Tena dozi moja haimalizi, manake kila dripu inakuta sehemu fulani tu ya seli ziko kwenye ile saa ya kuvutana, nyingine zimepumzika hazina habari, kwa iyo kila dozi inapunguza fungu la zilizobaki, inayofuata inapunguza fungu tena. Zipo hospitali zinazotoa paklitakseli ndogo ndogo kila wiki kwa wiki 12 na hiyo ni njia halali, lakini kwa mtu wa Lamu fikiria boti na basi mara 12.

Sasa ganzi, na hili ndo limenikaa moyoni kuliko yote kwa sababu ya ile sindano.

Neva hazigawanyiki, kwa iyo utauliza dawa imefuata nini kule. Imefuata kamba. Zile mikrotubuli hazipo kwa ajili ya kugawanyika tu, kwenye neva ndo njia za mizigo. Seli ya neva inayosikia kidole cha mguu makao yake yako karibu na uti wa mgongo, na mkono wake mmoja unashuka mpaka kidoleni, karibu mita nzima, seli moja! Kila kinachohitajika huko mwisho kinatengenezwa juu kinabebwa mpaka chini, kama punda anavobeba matofali kwenye vichochoro vya Lamu ambako gari haliingii. Paklitakseli inavuruga njia, punda wanakwama, na nyumba ya mwisho kabisa ndo inayokosa kwanza. Kwa iyo ganzi inaanza vidole vya miguu, halafu vya mikono, inapanda kama mtu aliyevaa soksi na glavu. Sio kansa imeingia kwenye neva, sio uchawi, na sio damu kukosa nguvu.

Inaondoka? Kwa wengi inapungua, ila ni miezi, na wengine inabaki kidogo. Nisikufiche pia kwamba huweza kuzidi miezi michache hata baada ya dozi ya mwisho kabla haijaanza kushuka, msije mkashtuka. Kadiri dawa inavoongezeka mwilini ndivo ganzi inavozidi, kwa iyo uamuzi wa dozi ya nne ni uamuzi wa kweli. Daktari anaweza kuitoa kama ilivo, kuipunguza, kuigawa iwe ya kila wiki, kubadilisha dawa au kuisimamisha. Mimi siwezi kuchagua kutoka hapa na wala wewe, manake inategemea kansa ilikuwa hatua gani na ganzi imefika wapi. Kupunguziwa dozi na mtu anayejua sio kushindwa, hufanyika kila siku. Kuacha kwenda tu bila kusema ndo kosa.

Dawa za ganzi mtauziwa nyingi. Vitamini B watu wanazimeza sana, ushahidi kwamba zinazuia ganzi hii ni mdogo. Iko nyongeza inaitwa asetili-karnitini inasifiwa kwa neva, utafiti wa 2013 kwa akina mama wa kansa ya titi uliwakuta walioinywa ganzi imezidi, kwa iyo mkiiona mwiache. Ikiwa kuna maumivu ya kuwaka na sio ganzi tu, iko duloksetini, hiyo ina ushahidi, lakini aiandike daktari. Wako wanaovaa glavu za barafu wakati wa dripu, tafiti zingine zinaonyesha kusaidia, muulize nesi kama wanayo. Nyumbani avae viatu hata uani, asipime joto la maji kwa vidole, apime kwa kiwiko, na sufuria ya moto apokelewe na mtu mwingine.

Kuna mambo hayangoji miadi. Joto likifika 38 au akitetemeka kwa baridi, hasa wiki ya pili, aende hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo, usiku ni usiku, na aseme mlangoni kwamba yuko kwenye kemo. Asimeze panadol kwanza mkangoja asubuhi, itaficha joto tu. Nendeni haraka pia akishindwa kupumua vizuri, akianguka anguka kwa miguu kukosa nguvu, choo au mkojo kutomtii, au damu kutoka bila sababu. Kama anakaa kisiwani, leo hii muweke namba ya mtu wa boti anayekubali kutoka usiku, msianze kumtafuta siku hiyo.

Na ukiwa Mombasa omba kujua majibu ya kile kipande cha nyama walichokata yanasemaje kuhusu homoni. Kama kansa yake inasikia homoni, baada ya dripu kuna vidonge vya miaka 5 au zaidi, navyo ni vya bei nafuu na ndo sehemu kubwa ya kumlinda isirudi, watu wengi wanaviacha wakidhani dripu ndo mwisho.

Mkiingia kwa daktari mamako akiulizwa hali atasema "alhamdulillahi sijambo", nawajua mama zetu. Wewe usimwachie. Sema hivi: "Daktari, mama anashona kofia, na tangu dozi ya tatu hawezi kutunga uzi kwenye sindano." Kama anaweza, mpe kofia na sindano aje nazo mkobani, amwonyeshe.